Nahodha aliyekataa pesa zangu

Likizo ya Agosti ilipokaribia, watoto wetu wawili walikuja na ombi moja: walitaka kupanda boti, wawaone viboko kwa karibu, halafu walale kisiwani. Sijui walilitoa wapi. Imani ana miaka tisa na nduguye Musa ana mitano, na sisi ni watu wa Nakuru, mji wenye ziwa lisilo na boti za kukodi. Ziwa letu ni la magadi, limo ndani ya mbuga, na ukilitembelea huwa umeketi garini, vioo vimefunguliwa nusu kwa hofu ya nyani.

Baba yao alilipokea ombi hilo kwa furaha. Mimi nilinyamaza. Msomaji, sina budi kukueleza sababu ya kunyamaza kwangu, la sivyo utaniona mwanamke mgomvi katika yatakayofuata. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka huko Mombasa na watu 272 wakafa, nchi kavu ikiwa inaonekana. Mmoja wao alikuwa mjomba wangu, kitindamimba wa kwa kina mama, aliyekuwa ameteremka pwani kutafuta kazi. Nilikuwa mtoto mdogo. Ninachokumbuka ni mama ameketi jikoni na sufuria tupu mapajani, na watu wazima wakirudia neno lile lile, "Walijazana, walijazana." Tangu siku hiyo mama hajakanyaga chombo chochote cha majini, nami sijui kuogelea hadi leo.

Tulianza kwa kuifikiria Naivasha kwa sababu ni karibu. Huko boti ni tele, viboko ni tele, na pale Crescent Island unaweza kutembea kwa miguu kati ya twiga na pundamilia. Lakini kisiwa hicho ni kisiwa cha jina zaidi, kwani maji yakipungua huungana na nchi kavu, ilhali watoto walitaka mahali palipozungukwa na maji pande zote. Nikawakumbusha kwamba mwaka wa 2018 kiboko alimuua mtalii kutoka Taiwan ukingoni mwa ziwa hilo. Nilitumaini safari yote itafutwa. Badala yake ikahamishiwa Baringo.

Ziwa Baringo liko kama kilomita 120 kaskazini mwa Nakuru. Maji yake si ya chumvi ingawa hakuna mto unaotoka ndani yake, na wataalamu husema hupenya chini kwa chini kupitia nyufa za miamba. Kisiwa chake kikubwa ni Ol Kokwe, chenye chemchemi za maji moto na wenyeji wake, Ilchamus, ambao wengi wetu tumezoea kuwaita Njemps. Hao kwa lugha ni ndugu wa Wamaasai na Wasamburu, lakini huvua samaki pamoja na kufuga. Kisiwani kuna kambi ya watalii yenye jina kubwa na bei ya kulingana na jina. Kuna pia familia zinazokodisha vibanda. Mfuko wetu ulituonyesha pa kwenda.

Jamaa walituuliza kama tumerogwa. Baringo kwa wengi ni habari za wizi wa mifugo, na ni kweli kwamba Februari 2023 serikali ilipeleka wanajeshi katika sehemu za kaunti hiyo. Nilikwenda stendi ya matatu za Marigat nikawauliza madereva watatu, mmoja mmoja, bila wenzake kusikia. Wote waliniambia barabara ya Kampi ya Samaki ni shwari, wao hulala huko. Dereva ndiye wa kuulizwa, kwa maana gari ni lake na shingo ni yake.

Ningekuwa makini hivyo hivyo katika suala la boti, nisingekuwa na makala ya kuandika. Mfanyakazi mwenza wa mume wangu alitupa namba ya kijana fulani anayepanga safari za ziwani. Kuvushwa, kuzungushwa kuwaona wanyama na kurudishwa: shilingi 6,000, nusu itumwe kwa simu mapema. Nilimuuliza swali moja tu, kama wana jaketi za kuokoa maisha. "Ziko nyingi, mama," akajibu. Nikaridhika, pesa zikaenda. Sasa naona jinsi swali lile lilivyokuwa bovu. Ni mwenye boti gani atakuambia hana?

Safari ya gari sitaieleza sana. Tulivuka ikweta Mogotio, joto likazidi kila tulivyoteremka, tukanunua asali Marigat. Kando ya barabara mathenge ilikuwa imefunga kila mahali. Niliwasimulia watoto jinsi watu wa huko walivyoushtaki mti huo mnamo 2006 na kumpeleka mahakamani mbuzi kibogoyo, aliyepoteza meno kwa kula matunda yake. Walicheka hadi Kampi ya Samaki.

Hapo kicheko kilikatika chenyewe. Ziwa limekuwa likipanda tangu karibu mwaka wa 2010, na mwaka wa 2020 lilifurika vibaya mno. Limemeza hoteli, nyumba, mashamba na barabara. Unafika mahali lami inaingia majini kana kwamba inaendelea na safari zake. Mbele yake migunga mikavu imesimama ndani ya maji, mingine imebaki ncha tu.

Ilikuwa saa kumi alasiri. Boti yetu ilikuwa tayari ina watu saba ambao hatukuwa tumeambiwa habari zao. Pamoja nasi na wahudumu wawili tungekuwa kumi na watatu. Nilihesabu jaketi zilizorundikwa mbele: saba. Moja kifungo chake kilikuwa kimekatika, na hakuna hata moja ya mtoto.

"Mdogo utampakata, mama," akasema yule kijana. Hakuwa na ubaya, alisema kama mtu anayenipa suluhisho.

"Siingii," nikasema.

Baba Imani alinivuta kando. "Mama Imani, watu wanatungoja. Ni nusu saa tu. Hili si bahari."

Nikamwambia MV Nyerere nayo haikuwa baharini. Ilikuwa Ziwa Victoria, Septemba 2018, ikikaribia gati la Ukara, chombo cha watu 101, na waliokufa walizidi 220. Alinijibu kwamba mimi huhesabu maiti kila mahali, hata kwenye starehe. Maneno hayo yaliniuma kwa sababu yana ukweli ndani yake. Imani alikuwa akitutazama. Musa alikuwa amekwisha kuvua viatu.

Boti iliondoka bila sisi, na shilingi 3,000 zetu zikaondoka nayo.

Hatua chache kutoka hapo mzee mmoja alikuwa akifungasha kamba katika boti yake. Nilimwendea nikiwa na noti mkononi. Nilitaka kumuonyesha mume wangu kwamba hatutakosa usafiri, na nilikuwa tayari kulipa bei yoyote.

"Mzee, tuvushe Ol Kokwe."

Hakuziangalia pesa. Aliangalia ziwa, ambalo lilikuwa limeanza kuchapwa na upepo na kutoa mistari myeupe. "Leo siendi, binti yangu. Upepo wa jioni umeshaingia."

"Lakini wenzako wamekwenda."

"Wamekwenda," akakubali. Kisha akauliza, "Watoto wana miaka mingapi? Na kati yenu ni nani anayeogelea?"

Baba Imani aliinua mkono kama mwanafunzi.

"Mmoja," mzee akasema, akiendelea na kamba yake. "Njooni kesho saa kumi na mbili na nusu asubuhi."

Nilibaki nimezishika noti ambazo hakuna aliyezitaka.

Tulilala Kampi ya Samaki, watu wanne katika chumba cha vitanda viwili, joto likitoka ukutani. Mume wangu hakusema kitu tangu chakula. Saa tatu hivi usiku alitoka, na aliporudi alisema, "Ile boti ilifika salama." Basi. Hakuongeza neno. Nikasema namshukuru Mungu, na nilimshukuru kweli. Lakini nitakiri mbele yako, msomaji, jambo ambalo sikulikiri kwake: kuna sehemu ndogo ya moyo wangu iliyotamani kwamba watu wale wangeloa angalau kidogo.

Asubuhi ziwa lilikuwa limetulia kama chai kikombeni, na rangi yake ni hiyo hiyo, kwa ule udongo mwekundu. Mzee alikuwa amekwenda kwa jirani usiku akaazima jaketi mbili za watoto. Aliwavalisha mwenyewe, kisha akazishika mabegani na kuzivuta juu kwa nguvu hadi Musa akaning'inia. "Ikipita kichwani haifai," alisema. Ya Musa ilipita. Akafunga ukanda wa kitambaa kati ya miguu yake, akavuta tena, ikakaa. Mimi nilifikiri jaketi ni jaketi.

Injini ilipoanza nilimuuliza swali ambalo lilikuwa limenikaa tangu jana. "Mzee, hapa chini yetu kuna nini?"

Alinijibu bila kufikiri. Hapa palikuwa na uwanja. Pale ni ua wa nyumba ya fulani, nguzo zake bado zimesimama. Kule kuna migunga, ile mirefu unaiona, lakini ya kuogopwa ni mifupi ambayo haifiki juu, hiyo ndiyo hutoboa boti. Alikuwa akipinda kushoto na kulia mahali ambapo mimi niliona maji matupu. Alikuwa akiendesha katika kijiji cha zamani, akipita vichochoro alivyovijua kwa miguu kabla havijafunikwa. Kwa mara ya kwanza tangu jana mabega yangu yalishuka.

Wanyama tuliwaona. Mamba juu ya mawe, midomo wazi. Kenge mkubwa kama mbwa. Mnandi wamejipanga kwenye vilele vya miti mikavu. Mzee alitia kijiti chepesi ndani ya samaki mdogo ili aelee, akapiga mluzi na kumrusha, na furukombe akaja kutoka juu ya mwamba akamnyakua mbele ya macho yetu. Imani alipiga ukelele wa furaha. Mimi huwa najiuliza kama ni vizuri kumzoeza ndege ombaomba, ila siku hiyo sikuuliza. Viboko tuliwatazama kwa mbali, injini imepunguzwa. Watoto walinung'unika kwamba jana waliahidiwa karibu. "Yule ana mtoto," mzee akasema, "na mimi pia nina watoto hapa." Akageuza boti.

Alituonyesha pia upande wa Longicharo. Mwaka wa 2011 walipelekwa huko twiga wanane, wakati bado ni rasi iliyoshikana na nchi kavu. Ziwa likapanda, rasi ikawa kisiwa, twiga wakazingirwa. Kuanzia Desemba 2020 hadi Aprili 2021 walivushwa mmoja baada ya mwingine hadi hifadhi ya Ruko. Wa kwanza alikuwa jike aitwaye Asiwa. Walitengenezewa jahazi la chuma lililoelea juu ya mapipa matupu, lenye kuta pande zote asitumbukie.

"Twiga alivaa jaketi?" akauliza Musa.

"Hapana," akasema baba yake. "Lakini hawakumjaza na twiga wengine saba." Kisha akanitazama, na nikajua ya jana yameanza kulegea.

Ol Kokwe ni mawe meusi, miiba, mbuzi na upepo. Mwenyeji wetu, mama mmoja mcheshi, alitupikia tilapia na ugali. Alituonyesha mahali mvuke unapotoka ardhini, mtu akapachemsha yai. Jioni alitupa sharti moja, na hakulisema kwa mzaha: giza likiingia, hakuna kutoka kibandani bila kumwita mwanawe mwenye tochi, hata kwa haja ndogo. Usiku viboko hutoka majini kuja kula majani. Tuliwasikia. Ni sauti ya kung'oa majani, kisha pumzi nzito, kisha kung'oa tena, kama ng'ombe zizini, ila karibu mno. Watoto walilala kati yetu wakiwa wamejikunyata, na asubuhi waliapa kwamba hawakuogopa.

Walipokwisha kusinzia mume wangu aliuliza gizani, "Mjomba wako aliitwa nani?"

Tumeoana miaka kumi na mmoja. Alijua habari ya Mtongwe, lakini jina hakuwahi kuliuliza, nami sikuwahi kulitaja. Nililitaja. Nikamwambia pia kwamba alikuwa akipenda kuimba akikata kuni, jambo ambalo sikujua kama nalikumbuka. Nje yule mnyama aliendelea kula.

Siku ya pili, saa mbili asubuhi, mzee alitushusha gatini. Yule kijana alikuwapo. Baba Imani alimwendea kudai chetu na akarudi na shilingi 1,000 pamoja na ahadi. Boti ile ile ilikuwa ikipakia. Nilimuona mume wangu amesimama, kidole kikicheza hewani.

"Saba," akaniambia.

Kulikuwa na mwanamke mwenye mtoto mgongoni akisubiri kupanda. Nilimsogelea, nikamwambia adai jaketi ya mtoto kabla ya kuingia. Alinitazama kutoka kichwani hadi miguuni. "Wewe ni wa serikali?" akauliza. Nikasema hapana, ni abiria tu kama yeye. Akatabasamu kwa adabu, akampa kijana mkono, akapanda. Boti ikaondoka, nami nikaifuata kwa macho hadi ikapita ile migunga mikavu.

"Asubuhi ni shwari," mzee alisema nyuma yangu, akikunja kamba. "Watafika."