Kilima cha Pimbi Karibu na Nakuru

Mtu atokaye Section 58 kufuata barabara ya Nairobi hafiki mbali kabla ya kukiona kilima cha mawe kiitwacho Hyrax Hill, yaani kilima cha pimbi. Zamani palikuwa shamba la mzungu. Mwaka 1937 Mary Leakey alianza kufukua hapo makaburi na makao ya watu wa kale. Na katika miamba yamechongwa mashimo ya kuchezea bao. Mwaka 1943 mahali hapo palitangazwa kuwa ukumbusho wa taifa, na mwaka 1965 nyumba ya shamba ikafunguliwa kuwa makumbusho.

Tangazo la namna hiyo si jambo dogo kwa mwenye ardhi. Kwa sheria ya mwaka 2006, Waziri aweza kuzuia kulima, kulisha mifugo au kujenga mahali palipohifadhiwa. Lakini kwanza ilani huchapishwa katika Gazeti la Serikali, na mwenye pingamizi hupewa muda wa kulipeleka. Asiyeisoma huenda akapata habari jembe likiwa mkononi.

Leo mji umekisogelea kilima. Bila tangazo lile, makaburi yale yangaliweza kulala chini ya misingi ya nyumba. Basi faida ipo, na gharama ipo. Yafaa mkulima azijue zote mbili mapema.