Daftari la Sukari

Balozi wetu wa nyumba kumi alikuwa na daftari moja kubwa, lililochakaa pembe, na humo aliandika sukari. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya themanini, bidhaa zimeadimika, na Gongo la Mboto bado nusu shamba: mikorosho, nyumba za udongo, kambi ya jeshi, na basi la UDA lililokuja lilipopenda. Mgawo ukikaribia, balozi alipita mlango kwa mlango akihesabu midomo. Kwa hesabu hiyo alimjua kila aliyelala ndani, hata yule ambaye wazazi wake hawakutaka ajulikane. Nyumba ya tatu kutoka kwetu alikuwemo binti asiyeweza kukaa wala kusema, aliyetolewa uani jua likishazama. Shule hakuandikishwa, kanisani hakupelekwa, lakini kwenye daftari la sukari alikuwemo, maana mama yake hakuwa tayari kupoteza robo kilo kwa ajili ya aibu.

Mimi sikufichwa. Polio ilinichukua mguu wa kulia kabla sijaanza shule, na mama alinibeba mgongoni mpaka mashoga zake wakamsema. Mwaka 1981, Umoja wa Mataifa ulipoufanya kuwa mwaka wa walemavu duniani, redio ilituzungumzia sana, na mwaka uliofuata Bunge likatunga sheria mbili, moja ya ajira yetu na nyingine ya matunzo yetu. Kwetu haikufika fomu hata moja. Aliyefika ni balozi, na sukari yetu mkononi, ili mama asiniache peke yangu akapange foleni. Simfanyi mtakatifu. Alikuwa mbea, na siri zetu zilifika kilabuni kabla yake.

Vyama vingi viliporudi 1992, balozi akabaki wa chama chake, na kazi ya kuandika watu ikahamia ofisi ya serikali ya mtaa. Mikorosho ikakatwa, vikaja vyumba vya kupangisha, na majirani wakawa watu wa kuonana alfajiri wakiwahi daladala. Kisha ikaja Sheria Na. 9 ya 2010, iliyotaka watu wenye ulemavu tuwe na kamati zetu mpaka ngazi ya mtaa. Kwenye kibanda changu cha kushona viatu tuliisoma kwa sauti, tukaisifu, tukasubiri.

Sheria ilikuwa haijatimiza mwaka, usiku wa Februari 16, 2011, maghala ya silaha kambini yalipolipuka. Watu zaidi ya 20 walikufa, maelfu wakakimbia, wengi wao wakaishia Uwanja wa Uhuru, na watoto wakapoteana na wazazi gizani. Mimi sikukimbia, nilikimbizwa. Kijana wa guta, mpangaji ambaye hata jina lake nilikuwa silijui, alinitupa juu ya magunia yake ya mkaa, magongo yakabaki mlangoni, akakanyaga kuelekea Pugu huku vyuma vikipita juu yetu. Njiani nikamkumbuka yule binti, sasa mtu mzima, mama yake keshafariki, anaishi na mdogo wake ambaye zamu yake kazini ilikuwa ya usiku. Nikamwambia kijana ageuze. Hakugeuza, na simlaumu. Ndugu yake alimkuta asubuhi kitandani, hai, kipande cha dari kimemlalia miguuni. Baadaye wakapita watu na karatasi, wakaandika nyumba zilizopasuka na za kulipwa fidia. Kwenye kibaraza chetu hakuna aliyeuliza nani alibaki ndani.

Siku hizi tunaandikwa, tena sana. Tangu 2018 sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, mbili kati ya hizo zikiwa zetu. Mikopo ikasimamishwa 2023, ikarudi mwaka uliofuata, na kila inaporudi orodha ya zamani imepotea. Picha mpya, nakala ya kitambulisho cha NIDA, barua ya mjumbe, fomu ya daktari. Daktari wa mwisho alinipima mguu kwa utepe, akarudia kuupima, kana kwamba anauogopa usije ukarefuka kabla hajagonga muhuri. Yule binti hayumo kwenye orodha yoyote niliyoiona. Anayetakiwa ni anayeweza kufika ofisini, aeleze biashara yake, aweke sahihi.

Safari hii ofisini alikuwepo msichana mwenye adabu.

“Shikamoo baba. Aina ya ulemavu?”

“Marahaba mwanangu. Viungo.”

Akaniuliza elimu, simu, jina la kikundi. Nikachungulia karatasi yake: palikuwa na nafasi ya kila kitu isipokuwa nyumba, ilhali tangu zoezi la anwani za makazi la 2022 kibao cha namba kimepigiliwa ukutani kwangu. Nikamwomba aiandike namba hiyo, na ya nyumba nyingine pia, ambako kuna mtu asiyeweza kuja.

“Ya nini, baba?”

Nikamuuliza mwaka 2011 alikuwa wapi.

“Darasa la tatu, Mbeya.”

Nikaweka magongo chini nikaanza kumweleza, na foleni nyuma yangu ikaanza kuguna.