Desemba Tarime: Mgeni Ajue Nini?

Shule zikifungwa, akina mama wengi huvuka Daraja la Kirumi na watoto wao kwenda kwa wakwe kula Krismasi. Anayefika Tarime au Serengeti kwa mara ya kwanza huweza kukuta barabara zimefurika watu. Huo ni msimu wa tohara wa Wakurya, ambao huwa mkubwa zaidi katika miaka inayogawanyika kwa mbili, kila ukoo kwa zamu yake kama wazee wa mila watakavyoamua. Tunapenda tukupe mawili matatu, mama mwenzetu, kabla hujafunga mizigo.

Sherehe ina mengi ya kupendeza. Vijana waliotahiriwa husindikizwa na umati wenye filimbi, matawi na vigelegele, na ndugu huwatunza noti na khanga. Wanaume wengine hujipaka rangi usoni au kuvaa magauni ili kuchekesha watu. Ritungu, ala ya nyuzi nane yenye sauti nzito, hupigwa, na wachezaji hurukaruka.

Chukua masweta na viatu vya matope, kwani Tarime iko juu na Desemba ni ya mvua. Weka noti ndogondogo za kutunza. Mkikutana na msafara, kaeni pembeni na uwashike watoto mikono, maana wengine hubeba mapanga na marungu. Usipige picha bila kuomba ruhusa.

Lakini jambo kubwa ni binti yako. Msimu huohuo wasichana nao hukeketwa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 28 ya wanawake wa Mara wamekeketwa. Sheria ya mwaka 1998 inamtia hatiani anayemkeketa au kumkeketesha msichana wa chini ya miaka 18 aliye katika malezi yake, na kifungo chake huweza kufika miaka 15.

Kwa hiyo zungumza na mumeo mkiwa bado nyumbani. Yeye ndiye awaambie mama yake na kaka zake, tena kabla hamjafika, kwamba binti zenu hawatakeketwa. Neno la mtoto wao lina uzito kuliko la mkamwana mgeni. Binti alale chumba kimoja nawe, wala asitumwe kwa shangazi kijiji cha pili bila wewe. Naye mwenyewe mweleze waziwazi, hata kama ana miaka minane.

Jua pa kukimbilia: Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, simu ya watoto 116, kituo cha masista Masanga huko Tarime, na Nyumba Salama ya Mugumu, Serengeti, iliyofunguliwa mwaka 2014.

Huenda wewe mwenyewe ukaitwa msagane, yaani asiyekeketwa, na kuambiwa hujawa mwanamke. Usijibu kwa matusi. Bibi anayetaka mjukuu akatwe anadhani anamtafutia heshima, kwa kuwa hivyo ndivyo alivyofundishwa naye. Keti naye jikoni, msaidie kuchambua mboga, umweleze taratibu juu ya damu inayopotea na uchungu wa uzazi unaozidi. Wapo mabibi waliobadilika.

Cheza ngoma, kula ugali wa mtama, wasalimu wakwe kwa adabu. Januari, binti arudi darasani akiwa mzima kama alivyoondoka.