Shahada Bila Jina

Kwetu Makorora, kijana akirudi likizo kutoka chuoni huulizwa maswali mawili kabla hajapumzika: unasomea nini, na ukimaliza utakuwa nani. Anayesomea udaktari hujibu kwa neno moja na baraza zima likaridhika. Anayesomea ualimu au uhasibu ni vivyo hivyo. Likizo hii nilimsikiliza binti wa jirani akilijibu swali la pili kwa karibu robo saa, na alipomaliza, bibi mmoja aliyekuwa akichagua mchele alimwuliza kwa upole: "Mwanangu, watu wafundishwa kusema? Si wazaliwa nako?"

Binti huyo yuko mwaka wa tatu katika shahada ya audiolojia na patholojia ya usemi na lugha. Baraza lilicheka, naye akacheka pamoja nalo, kwa kuwa ameshazoea. Mimi sikuweza kucheka. Swali la bibi lilikuwa la haki, na wa kulijibu si yule binti peke yake. Ni sisi wenye vyuo, wizara na bajeti.

Nianze na kazi yenyewe. Mtaalamu wa audiolojia hupima usikivu, huchagua na kurekebisha vifaa vya kusaidia kusikia, na hufuatilia masikio ya mtoto tangu uchanga. Mtaalamu wa usemi na lugha humhudumia mtoto aliyechelewa kuongea, mwenye kigugumizi, aliyezaliwa na mdomo sungura akashonwa lakini sauti bado inapita puani, na mtu mzima aliyepokonywa maneno na kiharusi. Tena, jambo ambalo wengi hawalijui, humhudumia mgonjwa anayepaliwa kila anapokunywa uji, maana misuli ya kusema na ya kumeza ni jirani.

Kiswahili chetu cha pwani hakikosi maneno katika uwanja huu. Tuna kigugumizi, tuna kithembe, tuna udata, tuna kiziwi na bubu. Tumeyapa majina maradhi na kasoro zote, na baadhi ya majina hayo ni ya dharau. Anayeyatibu hatujampa jina. Jino likiuma, kila mtu anajua kuna daktari wa meno. Mtoto akifika miaka mitatu bila kutamka neno, familia hutafuta wa kumkata udata chini ya ulimi, au huambiwa isubiri kwa kuwa hata baba yake alichelewa. Wakati mwingine subira hiyo ni sawa. Wakati mwingine mtoto hasikii, na kila mwezi unaopita unaondoka na sehemu ya lugha ambayo angeipata.

Ripoti ya Shirika la Afya Duniani kuhusu usikivu, iliyotolewa 2021, inasema watu zaidi ya milioni 430 duniani wana upotevu wa usikivu unaohitaji huduma. Inasema pia kwamba takriban asilimia 60 ya upotevu wa usikivu kwa watoto unatokana na sababu zinazoweza kuzuilika. Katika nchi za kipato cha chini, asilimia 93 hazifikishi hata mtaalamu mmoja wa audiolojia kwa kila watu milioni moja. Sisi Watanzania tangu 2020 tunajihesabu katika kipato cha kati, basi na tufanye hesabu yetu. Sensa ya 2022 ilitukuta zaidi ya milioni 61. Kigezo hicho cha chini kabisa, mtu mmoja kwa milioni, kinataka wataalamu kama sitini na wawili tu kwa nchi nzima. Hao wanatosha basi mbili za kwenda Dar es Salaam.

Afrika Mashariki ilichelewa kuanza. Chuo Kikuu cha Witwatersrand kule Johannesburg kilikuwa kikifundisha fani ya usemi tangu miaka ya 1930. Makerere ilianza shahada yake ya tiba ya usemi na lugha mwaka 2008. Kwetu, Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili sasa kina shahada inayounganisha usikivu na usemi. Mkoa wetu wa Tanga nao una historia isiyopaswa kusahauliwa: mwaka 2007, kule Magamba, Lushoto, kilianzishwa chuo kilichobeba jina la Askofu Sebastian Kolowa, kikajipambanua kwa elimu ya watoto wenye mahitaji maalumu. Hatua hizi ni za kupongezwa. Ila kuanzisha shahada ni jambo moja, na kuzalisha taaluma ni jingine. Tofauti hiyo, kwa sasa, anaibeba mwanafunzi.

Mtazame anavyoishi. Aliingia chuoni na ufaulu wa fizikia, kemia na baiolojia, na huenda fani hii haikuwa chaguo lake la kwanza. Anasoma anatomia kama wenzake wa udaktari, kisha anaongeza fonetiki, saikolojia ya ukuaji wa mtoto na fizikia ya sauti. Fedha ya kujikimu, ile wanayoiita bumu, ni hiyo hiyo. Vitabu vyake vimeandikwa Marekani na Uingereza kwa ajili ya watoto wa huko. Usiku, wenzake wakikariri majina ya dawa, yeye anatafuta neno la Kiswahili la kuweka badala ya picha ya kitu ambacho mtoto wa Makorora hajapata kukiona.

Hapa ndipo mimi, mtu wa sayansi za jamii, nilipoanza kujifunza kutoka kwa binti wa miaka ishirini na mitatu. Alinieleza kwamba kipimo cha kusikia maneno kwa Kiingereza hutegemea sana orodha za maneno ya silabi moja. Kiswahili hakina akiba hiyo. Maneno yetu mengi yana silabi mbili au zaidi, na karibu yote huishia kwa irabu. Ukitafsiri orodha tu, umeharibu kipimo, kwa kuwa neno refu humpa msikilizaji nafasi ya kubahatisha. Kipimo lazima kijengwe upya kutoka ndani ya lugha.

"Na kuna hili, mjomba," aliendelea. "Mtoto akisema 'kitabu imeanguka', mie niandike nini? Ana tatizo la lugha, au kwao wasema hivyo?"

Hilo ni swali la kisayansi na la kisiasa kwa pamoja. Mtoto wa Tanga anaweza kuwa anasikia Kidigo kwa bibi, Kisambaa kwa mama, Kiswahili cha mtaani barabarani na Kiingereza darasani. Mpiga kura anayesema "kupiga kula" haumwi chochote. Amekulia katika lugha isiyotenganisha sauti hizo mbili. Mtaalamu asiyejua tofauti ya lahaja na maradhi atawapa wazima vyeti vya ugonjwa, na wagonjwa atawaambia wasubiri. Kazi hii inawezekana: kule Kilifi, pwani ya Kenya, watafiti walikwisha kutengeneza orodha za kupimia maneno ya watoto wadogo kwa Kiswahili na Kigiriama, wakianzia kwa akina mama wenyewe. Sisi tunaojiita kitovu cha Kiswahili tunangoja nani?

Nina sababu yangu ya kulishupalia jambo hili. Ami yangu alipata kiharusi kilichomlaza upande wa kulia. Hospitali ilimhudumia kwa moyo, na mtaalamu wa viungo alimfundisha kutembea upya hadi akafika msikitini kwa mkongojo. Maneno hayakurudi. Alikuwa akitaka maji akasema "mlango", kisha akalia kwa kujua kwamba amekosea. Lakini ajabu ni kwamba aliweza kusoma Al-Fatiha mwanzo hadi mwisho bila kukwama, na kuhesabu moja hadi kumi. Basi ndugu wakagawanyika. Wengine walisema anajifanya. Wengine walisema ana jini, na fedha zikaenda huko. Aliishi miaka minne hivyo, akiwa na akili timamu, akizungumziwa kama mtoto.

Nilipomsimulia binti wa jirani, hakushangaa hata kidogo. Aliniambia kwamba maneno tuliyoyakariri tangu utotoni, sala, hesabu na nyimbo, mara nyingi husalimika pale usemi wa kawaida unapovunjika, na kwamba mtaalamu huweza kuutumia mlango huo kuanzia kazi. Kwa sentensi mbili mwanafunzi wa mwaka wa tatu alieleza kilichoishinda familia nzima kwa miaka minne. Pale hospitalini hapakuwa na mtu wa kutuambia.

Nchi imeshaonyesha kwamba inaweza. Mwaka 2017 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kupandikiza vifaa vya kusaidia kusikia kwa watoto waliokuwa wakipelekwa nje, na tulijivuna kwa haki. Ila upasuaji huchukua saa chache. Kumfundisha mtoto kwamba sauti ile ni jina lake huchukua miaka. Tusiponunua miaka hiyo, tumenunua kifaa tu.

Wapo viziwi wanaotazama fani hii kwa shaka, nao wana hoja. Historia ya dunia ina shule nyingi zilizowafunga watoto mikono wasitumie ishara kwa jina la kuwafundisha kusema. Lugha ya Alama ya Tanzania ni lugha kamili, na Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 iliandikwa ili haki zisingoje huruma. Mwanafunzi wa fani hii anapaswa kukaa na wanachama wa CHAVITA akiwa bado chuoni, ajifunze lugha yao, na aelewe kwamba lengo ni mawasiliano, kwa ulimi au kwa mikono.

Kwenu watumishi wa umma mnaosoma ukurasa huu: ikama na muundo wa utumishi ni nyaraka kavu, lakini ndizo zinazoamua kama mhitimu huyu atakaa kwenye chumba tulivu cha hospitali ya rufaa ya mkoa kama Bombo, au atauza vocha. Hakikisheni kila hospitali ya mkoa ina nafasi yake kwa jina, na bajeti ya vifaa vyake, kabla hajamaliza. Kwenu wanaharakati: mtoto asiyesikia hawezi kuandamana, basi muwekeni kwenye madai yenu. Kwenu wanafunzi wa isimu na Kiswahili: acheni kuandika tasnifu ileile kila mwaka, orodha ya maneno ya kupimia usikivu inawangoja.

Na kwa BAKITA, pendekezo la mtu wa Makorora: tumwite tabibu wa usemi. Kama lipo neno bora, litolewe hadharani. Likizo ijayo binti wa jirani atakuwa karibu kuhitimu, na ana haki ya kulijibu baraza kwa neno moja kama wenzake.