Ua la Manjano la Mlima Elgon

Mpandaji aanziaye safari Budadiri, upande wa Uganda, hupita kwanza katikati ya migomba na mibuni ya Wagisu, ambao mlima huo huuita Masaba. Kisha huingia msituni, na baadaye penye mianzi. Ni huko chini, kandokando ya vijito, aonapo kwanza mmea wa ukoo wa Ranunculus: majani yaliyochanika-chanika, na maua madogo ya manjano yang'aayo kana kwamba yamepakwa mafuta. Jina hilo ni la Kilatini, maana yake chura mdogo; nalo lafaa, kwani mimea mingi ya ukoo huu hupenda majimaji.

Ndugu msomaji, uzuri huo usikudanganye. Utomvu wa mmea mbichi huwasha na kutoa malengelenge, na aulaye huungua kinywa na tumbo. Ng'ombe na mbuzi huukwepa wakipata malisho mengine. Ukikauka, makali hayo hupungua sana. Akina mama wanaoishi karibu na vijito wawaonye watoto wachumao maua kuchezea.

Juu zaidi, kupita kambi ya Mude iliyo kwenye mita 3,500, miti huisha. Lobelia na senesio humpita mtu kimo, na wageni huzipiga picha hizo tu. Mimi nilivutiwa na Ranunculus oreophytus, ndugu wa yule wa vijitoni. Hana shina la kuonekana. Ua lake limekaa chini, katikati ya majani yaliyotandazwa juu ya ardhi mbichi. Huko mchana jua huunguza, usiku maji huganda, na hali huwa hivyo karibu mwaka mzima. Lobelia hufumba majani yake usiku kuukinga moyo wake. Huyu mfupi hujibanza ardhini.

Alipo pana maji. Ardhi hiyo hunywa mvua kama sifongo, ikaiachia polepole. Mito ya Manafwa na Sironko huanzia mlimani humo, ikaelekea bonde la Ziwa Kyoga. Nao Suam huingia Kenya, ukaitwa Turkwel, hadi Ziwa Turkana. Buti nyingi zikifuatana juu ya tope hilo huchimba mfereji, na maji hukimbia kabla ya kunywewa. Aendaye kilele cha Wagagai, mita 4,321, achukue sweta nzito, na palipo na mawe akanyage mawe.