Baridi ya Nyumba Huanzia Darini

Ndugu msomaji, wewe uishiye Dar es Salaam au Tanga huenda ukacheka ukisikia kwamba sisi wa Ipogolo, mwezi wa Juni na Julai, hulala tumevaa sweta. Ipogolo iko bondeni, chini ya mji wa Iringa, kando ya Mto Ruaha Mdogo. Hewa ya baridi ni nzito. Usiku huteremka kutoka vilimani na kutuama kwetu.

Nyumba nyingi hapa ni za matofali ya kuchoma na bati. Kuta hazina neno. Adui ni bati lisilo na dari. Mchana hulipokea jua na kutuunguza. Usiku usio na mawingu hupoa kuliko hata hewa yenyewe, na mvuke wa pumzi zetu ukaligusa, ukageuka matone yadondokayo kitandani. Wahehe wa zamani waliojenga tembe hawakuyajua mateso hayo. Paa lao bapa, la miti, nyasi na udongo mzito, lilipokea joto polepole mchana na kulitoa polepole usiku.

Basi mwenye fedha kidogo aanze wapi? Wengi hukimbilia vioo. Mimi nilianza na dari ya chumba cha watoto, maana joto hupanda juu, na hewa iliyotulia kati ya dari na bati ndiyo blanketi la nyumba. Matone yalikoma. Madirisha yakafuata. Kwetu jua la Juni hupita upande wa kaskazini. Dirisha la upande huo huingiza joto la bure, mradi lifungwe kabla ya magharibi.

Lakini liko jambo moja kubwa kuliko yote. Usilale na jiko la mkaa chumbani. Hewa yake ya sumu haina rangi wala harufu, nayo huua usingizini, baba, mama na watoto. Na kadiri uzibavyo nyufa ili kuzuia baridi, ndivyo sumu hiyo inavyokosa pa kutokea.

Piga hesabu, ndugu yangu: mkaa hununuliwa kila mwaka, dari hununuliwa mara moja. Kama fedha haijatosha, ongeza blanketi, uliache jiko nje.