Mawe Kumi na Saba

Shangazi yangu aliolewa Georgia, kusini mwa Marekani, kabla mimi sijaanza shule. Februari mwaka jana nilikwenda kumtembelea. Siku ya pili tu mumewe, ambaye nyumbani wote tunamwita Anko, akaniambia: "Si wewe ni mwandishi wa habari? Chukua daftari lako. Kuna kazi."

Kazi yenyewe ilikuwa kuorodhesha makaburi ya ukoo wake. Yako katikati ya shamba la mipaina ya mbao, kwenye ardhi ambayo si yao tena, hivyo Anko alipiga simu kwanza kuomba ruhusa ya kupita. Huko kazi hii hufanywa wakati wa baridi, majani yakiwa yamenyauka na nyoka wamelala. Tulibeba ndoo ya maji, brashi laini, futi kamba na kioo kikubwa. Kioo cha nini tena? Anko akakielekeza kwenye jiwe ambalo mimi niliona ni tupu. Mwanga ukalipiga kwa ubavu, herufi zikajitokeza moja moja. Brashi ya waya marufuku, akasema, na dawa za madoa marufuku. Jiwe likishachubuka, jina halirudi.

Ukifika pale huoni makaburi. Unaona mmea unaotambaa, wa kijani hata kwenye baridi, wenye maua ya zambarau. Wenyeji wakiuona umetanda msituni pasipo na nyumba, wanajua chini yake kuna watu. Halafu unaanza kuona ardhi imebonyea hapa na pale, yote kwa mwelekeo mmoja: vichwa magharibi, miguu mashariki, ili siku ya ufufuo waamke wakitazama jua. Yapo mawe ya saruji yaliyotengenezwa nyumbani, jina limechorwa kwa msumari saruji ikiwa mbichi, herufi N imegeuka nyuma mbele. Kaburi moja lina magamba ya konokono wa baharini na kikombe kilichovunjika. Lingine lina kibao kidogo cha bati chenye kikaratasi nyuma ya kioo. Wino umefutika wote.

Nikaandika jina, mwaka wa kuzaliwa, mwaka wa kufa, picha. Mchana nikahesabu makaburi 23, nikafunga daftari.

"Na wale?" Anko akauliza.

Alionyesha upande wa nyuma, penye mawe ya kuokota shambani, yamesimikwa tu, bila maandishi.

"Hayana majina, Anko. Nitaandika nini?"

Anko ni mtu wa maneno machache, lakini siku ile aliongea. Alisema kwenye sensa za 1850 na 1860 watu wao waliwekwa kwenye orodha za watumwa: umri, jinsia, rangi, chini ya jina la mmiliki. Majina yao hayakuandikwa. Sensa ya kwanza kuwaandika wote kwa majina ilikuwa ya 1870. "Bibi yangu alisema wengi wa hawa walikufa kabla ya hapo. Sasa na wewe, na daftari lako, unataka kuwaruka tena?"

Kwa kweli niliona aibu. Kazini nimezoea kwamba asiye na jina hana habari. Nikafungua daftari upya. Jiwe la kwanza: urefu shubiri moja, limeinamia mashariki, hatua nne kutoka kwenye mwerezi. La pili, la tatu. Mengine yalikaribiana mno, vipimo vya watoto. Yalifika 17. Anko akampigia dada yake mkubwa, naye akasema la karibu na mwerezi ni la mkunga. Jina? Hakuwahi kulisikia. Nikaandika: "Mkunga. Chanzo: dada yake Anko, aliyesikia kwa bibi yake." Si jina, lakini si jiwe tupu tena.

Usiku, shangazi akimimina chai, akaniuliza, "Na kwetu umeshaandika wangapi?"

Nikanyamaza. Kwenye kihamba chetu, Kilimanjaro, kaburi la babu lina marumaru na msalaba. Nyuma yake kuna masale yaliyoshonana. Utotoni tulijificha humo tukicheza, tukafukuzwa kwa fimbo. Sikuwahi kuuliza kwa nini.

"Pale wapo watatu," shangazi akasema. Akanitajia wawili, mama yake babu na mdogo wake. Kwa wa tatu akasita. "Huyo kamuulize mama yako."

Saa nne usiku Georgia, kwetu ni saa kumi na mbili asubuhi. Mama alikuwa ameshaamka, nilisikia kuku. Nilipouliza, alikaa kimya hadi nikadhani simu imekatika.

"Alikutangulia wewe," akasema. "Aliishi siku nne. Nani amekuambia?"

"Shangazi. Mlimpa jina?"

"Tulimpa."

Akalitaja. Nililiandika kwenye daftari lile lile, ukurasa unaofuata jiwe la kumi na saba, na chini yake: "Chanzo: mama yake."